Kutoka Dodoma mpaka Verden: jinsi ya kwenda kuona maonyesho ya farasi na kujifunza uzalishaji wa womubladi

Mi ni mhamilishaji wa mifugo hapa Dodoma, kazi yangu ni kufunga mtungi wa naitrojeni kwenye pikipiki na kuzunguka Chamwino, Bahi mpaka Kongwa nikipandisha ng'ombe za watu kwa mrija wa mbegu. Watu wakisikia niliuza mitamba wawili nikaenda Ujerumani kuangalia farasi swali linakuwa lile lile, farasi wa nini na huku kwetu hakuna farasi? Ni kweli karibu hakuna, na sababu yake nitaieleza chini huko. Ila nilichofuata sio farasi wa kupanda, nilifuata jinsi wale jamaa wanavyochagua mnyama, wanavyoandika kumbukumbu na wanavyokataa dume bila kuoneana aibu, maana hapo ndo sisi tunapofeli. Kwaiyo naandika kila kitu nilichopitia ili mwenzangu mfugaji, mwanafunzi wa mifugo au yeyote anayependa wanyama asipoteze hela kama mimi safari ya kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Womubladi ni Kiingereza, warmblood, damu ya uvuguvugu, ila sio farasi mwenye damu ya moto kuliko wenzie, joto la mwili la farasi wote ni lile lile karibu nyuzi 38, ni habari ya tabia. Wale wazito wa kuvuta mizigo, wapole, wazungu wanawaita damu baridi, Mwarabu na farasi wa mbio wa Kiingereza wanaitwa damu moto, na womubladi yuko katikati, mwili wa kutosha, kichwa kinachosikiliza na miguu ya kuruka. Mtu wa Dodoma hili analielewa haraka kwasababu ng'ombe wa Mpwapwa alitengenezwa kwa njia hiyo hiyo, zebu wetu wakachanganywa na Sindhi, Sahiwal, Boran na damu kidogo ya Ayrshire, alafu wakachagua na kuchagua mpaka akapatikana ng'ombe wa maziwa na nyama anayevumilia ukame. Wajerumani wameanza zamani tu. Kituo cha madume cha serikali pale Celle kilianzishwa mwaka 1735 na George II, aliyekuwa mtawala wa Hanover na hapo hapo mfalme wa Uingereza, lengo likiwa wakulima wapate dume zuri kwa bei wanayoiweza. Farasi wale walikuwa wa kulima, kuvuta magari na kwenda vitani, na matrekta yalipojaa baada ya vita kuu ya pili ilibidi wachague, wamwache mnyama apotee au wamgeuze kuwa wa michezo. Wakamgeuza. Wakaingiza damu ya farasi wa mbio wa Kiingereza na ya Trakehner, uzao mwingine wa Kijerumani, na ndani ya vizazi vichache mnyama wa jembe akawa anaruka viunzi Olimpiki.

Haya, hatua ya kwanza, chagua msimu kabla hujachagua nchi. Wengi wanakimbilia jina kubwa la Aachen, na ni kweli CHIO ya Aachen, mashindano makubwa ya farasi kule Ujerumani, ni kitu cha kuona angalau mara moja, uwanja mkuu unabeba watu kama 40,000, kuna kuruka viunzi, dresaji yaani farasi kuonyesha mienendo kwa utulivu, mbio za porini, mikokoteni na sarakasi za juu ya farasi, na siku ya mwisho uwanja mzima unapunga leso nyeupe kuwaaga wapanda farasi. Kawaida inakuwa mwezi wa saba au unakaribia huo, na mwaka 2026 Aachen ndo mwenyeji wa mashindano ya dunia, Agosti 11 hadi 23. Lakini pale unaona matokeo, huoni kazi. Ukitaka kuona kazi nenda Warendorf mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba kwenye Bundeschampionate, ambako wanashindana farasi wenye umri mdogo, unaona mnyama wa miaka mitatu bado anashangaa bendera. Au Lanaken kule Ubelgiji mwezi wa Septemba, mashindano ya dunia ya farasi warukaji wa miaka 5, 6 na 7, na Lanaken ipo jirani na Maastricht, sio mbali na Aachen. Septemba hiyo hiyo Celle wanafanya gwaride la madume. Mwishoni mwa Januari au Februari kuna onyesho la madume la KWPN, chama cha Uholanzi, pale 's-Hertogenbosch, ila baridi yake mtu wa Dodoma ajipange kweli kweli.

Na kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu ningechagua maonyesho ya watoto wa farasi vijijini, Fohlenschau, kuanzia Juni mpaka Agosti. Nyingi kuingia ni bure, mkulima anakuja na jike lake na mtoto anakimbia pembeni, majaji wanasimama kwenye nyasi, na ukimsogelea mtu kwa adabu atakueleza ukoo wa yule mama mpaka bibi wa bibi. Aachen hakuna mwenye muda huo.

Hatua ya pili ni mwaliko, na hapa usifanye haraka. Andika imeili kwa chama cha uzalishaji cha aina ya womubladi unayotaka kuiona, kwa Hanoverian ni Verden, kwa Holsteiner ni Elmshorn, kwa Oldenburg ni Vechta. Usiandike napenda sana farasi naomba mwaliko, wanapata hizo kila siku. Andika we ni nani, unafanya kazi gani na mifugo gani, unataka kuona nini na tarehe gani, kurasa isizidi moja. Mi niliandika kwamba napandisha ng'ombe kwa mrija na nataka kuona wanavyoshughulikia mbegu za farasi zilizopoozwa, nikajibiwa ndani ya wiki na mfugaji mmoja mama wa makamo akakubali nilale kwake siku nne nikisaidia kusafisha mabanda. Ombi lenye kazi ndani yake linafunguliwa mlango.

Pasi na viza sasa. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, iwe na angalau kurasa mbili tupu na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, siku zikilingana basi ile utakayoingilia kwanza, na hili watu wanalichezea wakidhani Ulaya ni moja alafu wanarudishwa dirishani. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, ila we omba miezi mitatu kabla kwasababu apointimenti Dar zinajaa na majibu yanaweza kuvuka zile siku 15 za kawaida yakafika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Steitimenti ya benki, barua ya likizo au leseni ya biashara, tini, chochote kinachoonyesha una cha kukurudisha nyumbani, mi niliweka na orodha ya wateja wangu wa uhamilishaji na hati ya kiwanja.

Mara ya kwanza nilinyimwa. Sio hela, hela ilikuwepo, karatasi ilisema lengo la safari halijaeleweka, na nilipokaa nikaisoma ratiba yangu mwenyewe nikaona wana haki, niliandika nchi nne ndani ya siku kumi, Uholanzi leo, Ufaransa kesho, kama mtalii aliyepotea. Mara ya pili niliandika siku 14 mahali pawili tu, Celle na Verden, kila siku ina jambo lake na barua yake, ikapita. Tiketi ya ndege weka bukingi kwanza, usilipe yote kabla viza haijatoka.

Safari yenyewe haina mengi. Kutoka Dodoma panda treni ya SGR asubuhi, masaa machache upo Dar, ila usipange ndege ya jioni siku hiyo hiyo, lala kwa ndugu. Ukifika mpakani Ulaya utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, huo mfumo umeanza Oktoba 2025, ni kawaida usiogope. Verden ipo kati ya Bremen na Hannover kwenye reli, na Celle ni mwendo mfupi wa treni kutoka Hannover. Kuna tiketi ya siku ya jimbo inaitwa Niedersachsen-Ticket inayokuruhusu kupanda treni zote za kawaida za jimbo, siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, mkiwa wawili watatu mnachangia inakuwa rahisi sana. Beba adapta ya plagi, kwao ni pini mbili za duara. Jumapili maduka yanafungwa, nunua chakula Jumamosi, na kwa wenzangu Waislamu, soseji karibu zote za uwanjani ni nguruwe, uliza kabla.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba usome mara mbili, magonjwa. Sisi tunatoka kwenye ng'ombe. Ugonjwa wa miguu na midomo kwetu upo, wao wamepigana miaka mingi kuuondoa, na Januari 2025 ulipoibuka kwa nyati maji karibu na Berlin ilikuwa mara ya kwanza Ujerumani tangu 1988, nchi nzima ilishtuka. Kwaiyo usibebe nyama, usibebe samli wala maziwa mgando ya kumpelekea mwenyeji wako, sheria ya Ulaya inakataza na watakunyang'anya eapoti, zawadi nzuri ni kahawa au kikapu cha ukili. Nguo na viatu vya machungani acha nyumbani kabisa. Mi nilifika kwa yule mama na buti zangu za kazi, nilikuwa nimezisafisha kwa brashi nikaona zinang'aa, akanisimamisha getini akaniuliza zimekanyaga wapi mara ya mwisho, nikasema ukweli, Kongwa, boma la ng'ombe, wiki moja iliyopita. Hakufoka, alizitia kwenye mfuko akafunga, akanipa buti za mpira za mumewe. Nilijisikia vibaya usiku mzima, mimi mtu wa mifugo ndo nilitakiwa kumwambia kabla hajauliza. Nunua buti mpya huko huko.

Na hapa ndo jibu la farasi kutokuwepo kwetu. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaenezwa na visubi wadogo sana wanaotoka jioni na alfajiri, farasi akiupata mara nyingi anakufa ndani ya siku chache, punda yeye mara nyingi anapita nao bila hata kuonekana mgonjwa. Ongeza ndorobo na nagana, ugonjwa anaoueneza. Ndo maana Dodoma maji yanabebwa na punda, na ndo maana ukiwaza kununua womubladi umlete Dodoma nakuomba uache hilo wazo, utamuua mnyama. Mtu akikuuliza kule kwanini hamna farasi mweleze hivyo, wataalamu wao wanaujua huo ugonjwa na wanauogopa, utaona wanavuta kiti.

Ukishafika uwanjani, macho yako yatakimbilia kwenye rangi na shingo, yarudishe. Kwenye ukaguzi wa madume, Wajerumani wanaita Körung na ndo neno utakaloliona kwenye mabango, dume anakuja akiwa na miaka miwili na nusu hivi. Kabla hujamuona ameshapita kwa daktari, amepigwa eksirei za miguu kuangalia vipande vya mfupa vilivyoachia kwenye viungo, mwenye kasoro kubwa hafiki ulingoni. Alafu anatembezwa kwenye sakafu ngumu, moja kwa moja kuelekea jaji na kurudi, na kwenye umbo la pembetatu. Simama pale ambapo jaji anasimama, nyuma ya uzio, uangalie kama miguu ya mbele inakwenda mstari mmoja na ya nyuma au inachota pembeni. Funga macho, sikiliza mdundo. Mwendo wa hatua ni midundo minne, ule wa matiti, yaani wa mchakamchaka, ni miwili, shoti ya taratibu ni mitatu, na farasi mwenye hatua mbovu kwenye mwendo wa kawaida hawamwamini hata akipaa kwenye matiti, kwasababu matiti mpandaji mzuri anaweza kuyaboresha, hatua ni ngumu kuitengeneza. Hiyo niliambiwa na mzee mmoja aliyekaa kando yangu na begi la mikate, na siku nzima nilikuwa naangalia hatua tu.

Baadae dume anaachiwa huru ukumbini, anakimbia peke yake, na wale wa kuruka wanapitishwa kwenye njia ya viunzi bila mtu mgongoni. Usiangalie urefu, angalia anafanya nini akikosea. Mmoja aligonga mti wa kiunzi, mara ya pili akakunja miguu mpaka kwenye kifua, majaji wakaandika kitu wote kwa pamoja. Mwingine aliyeruka juu kuliko wote alikataliwa, na mwenye farasi akashika hatamu, akatikisa kichwa kuwashukuru majaji, akatoka. Waliokataliwa wengi watahasiwa wawe maksai wa michezo na hakuna anayeona ni mwisho wa dunia. Nilikaa pale nikawaza madume tunayoyaacha kijijini yapande kwasababu tu mwenyewe ni mtu mkubwa, au kwasababu ana pembe nzuri.

Kwa majike ndo utamu wenyewe. Kuna ukaguzi wa majike na kuna mtihani, jike anapimwa mienendo, kuruka huru na jinsi anavyomsikiliza mpandaji, alama zinakwenda kutoka 0 mpaka 10 na zinaandikwa kwenye kitabu cha ukoo milele. Holsteiner wana namba za koo za kina mama, wanaziita Stamm, utasikia mtu anasema huyu ni wa 776 au wa 104a na wote wanaomsikiliza wanatikisa kichwa kama vile kataja ukoo wa jirani. Babu yangu kule Chamwino alikuwa hivyo hivyo, ukimuuliza ng'ombe anaanza na mama yake, fulani binti wa yule mwekundu aliyekuja na mahari ya shangazi, baba hamtaji mpaka umuulize. Nilipomsimulia yule mama wa Verden hiyo habari akaacha kula akaniambia niirudie polepole.

Jifunze kusoma jina, litakuokolea muda. Hanoverian mtoto wa kiume anachukua herufi ya kwanza ya baba, ndo maana unakuta ukoo mzima wa D au wa W. Trakehner anachukua herufi ya mama. KWPN wanatumia herufi ya mwaka, ukijua herufi umejua umri. Ukiona xx mwisho wa jina huyo ni farasi wa mbio wa Kiingereza, ox ni Mwarabu. Kuna Ladykiller xx kwenye karatasi za Holsteiner nyingi, na kuna Cor de la Bryère, Mfaransa aliyezaliwa 1968 na kupelekwa Holstein akawapa urukaji ambao mpaka leo wanaushukuru. Hao Trakehner wana historia ya kutoa machozi, shamba lao kuu lilianzishwa 1732 Prussia Mashariki, ambayo zamani ilikuwa ya Wajerumani, na msimu wa baridi wa 1945 watu walikimbia vita na majike yenye mimba wakivuta mikokoteni kwenye barafu, waliofika magharibi walikuwa wachache sana na uzao uliopo Ujerumani umejengwa hasa na hao.

Kwa wenzangu wahamilishaji, omba kuona maabara. Womubladi wengi wanazaliwa kwa mrija, dume anapanda sanamu, mbegu inapimwa, inachanganywa na kinga yake na kupoozwa, na ya kupoozwa ni mali ya siku moja mpaka mbili tu, kwaiyo jike linapimwa kwa alitrasaundi mpaka yai likaribie kutoka ndo dozi inaagizwa na gari linaondoka usiku. Ya kugandishwa inakaa kwenye naitrojeni nyuzi 196 chini ya sifuri kama ya ng'ombe wetu, ila ya farasi ni ngumu kidogo, madume wengine mbegu zao hazivumilii kugandishwa kabisa. Mimba ni miezi kumi na moja hivi. Uliza pia kuhusu WFFS, ni jeni mbovu ya ngozi na viungo dhaifu, mzazi mwenye nakala moja haonyeshi kitu, wawili wenye nakala wakikutana mtoto ana nafasi moja kati ya nne kuzaliwa na ngozi inayochanika, hawezi kuishi. Wanachofanya ni kupima na kutangaza majibu ya madume hadharani, alafu mwenye jike anapanga mwenyewe asikutanishe. Unyoofu huo ndo niliouonea wivu kuliko farasi wenyewe.

Adabu ndogo ndogo, fika dakika kumi kabla, usifungue mwavuli karibu na ulingo, usipige picha na mwanga, usimpe farasi wa mtu chakula, usipite nyuma yake, mwendee begani. Jua maneno manne, Stute ni jike, Hengst dume, Wallach maksai, Fohlen mtoto, ukiyatamka tu watu wanacheka kwa furaha na wanaanza kukufundisha mengine.

Kama bajeti ya Ulaya haifiki anza Afrika Kusini, Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya mpaka siku 90, wana chama chao cha womubladi na uwanja wa Kyalami upo kati ya Johannesburg na Pretoria. Zaidi ya hapo wao wanaishi na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, chanjo yake inatoka Onderstepoort, kwaiyo kwa mtu wa huku masomo yao yako karibu na sisi. Kadi ya manjano iwe mfukoni.

Kurudi, usijaribu kubeba mrija wowote wa mbegu bila kibali cha wizara ya mifugo. Fua kila kitu, buti za huko waachie wenyeji, na kaa siku kadhaa kabla hujaingia zizini kwako au kwa mteja. Mi hizo siku nilizitumia Majengo sokoni nikanunua kaunta buku kubwa, nikapita kwa wateja wangu kumi na mbili, nikakaa nje ya zizi na mwenye mali na chai, ananitajia nami naandika. Ukianza lako chora mistari kabla hujaenda, safu ya kwanza mama, ya pili mama wa mama, baba aanzie safu ya tatu, na ya mwisho iache pana kabisa kwa ajili ya kasoro.